Simu imejaa mafaili ya malezi na bado hujui uanzie wapi

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlezi kwenye kituo cha watoto wadogo, nina miezi saba kazini, nimepewa chumba cha watoto kumi na nne wa miaka miwili hadi minne, tuko wawili. Cheti ninacho ila nahisi chuo kilinifundisha kupasi mtihani tu. Kwenye magrupu watu wanatuma mafaili kila siku mpaka simu imejaa, nimesoma kidogo hapa kidogo pale na sijashika kitu. Nina mtoto anang'ata wenzake na mwingine ana miaka miwili na nusu haongei, nikifungua hayo mafaili ndo nachanganyikiwa zaidi. Naomba unitajie vitu vya uhakika vya kusoma, vya bure kama vipo, na nianzie wapi."

Marahaba mdogo wangu, na pole na kazi. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu umeuliza kitu kimoja halafu umejijibu bila kujua. Umesema mafaili yanakuchanganya, afu hapohapo ukataja watoto wawili kabisa, mmoja anang'ata mwingine haongei. Basi hapo ndo pa kuanzia, kwa hao wawili. Achana na mafaili kwanza. Mi nimekaa kwenye hii kazi miaka mingi na nimeona walimu wenye kabati zima la vitabu wanapiga kelele chumbani siku nzima, na wengine wana daftari moja limechakaa na watoto wao wametulia wanacheza. Tofauti ni kwamba huyu wa daftari anaenda kusoma akiwa na swali mkononi.

Kwa hiyo nyenzo ya kwanza ni daftari. Najua ulitaka link, vumilia kidogo. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, kila siku chagua watoto wawili watatu, andika ulichokiona na ulichokisikia, basi. Usiandike "ni mkorofi leo", hiyo ni hukumu, haikusaidii kitu. Andika "saa nne kasoro kumi, amesimama kwenye foleni ya kunawa, mwenzake kamsogelea kwa nyuma, kageuka kamng'ata mkono, hajalia, kaangalia mlango." Kwa mtoto anayeng'ata ongeza vitu vitatu kila mara: kabla yake kulikuwa na nini, chenyewe kilikuwaje, na baada yake watu wazima walifanya nini. Hicho cha tatu watu wanakiruka na mara nyingi ndo kina jibu.

Mi mwenyewe niliwahi kuwa na mtoto wa hivo, nikahangaika naye mwezi mzima, nikamwita mama yake mara mbili, siku nimekaa kupitia daftari nakuta karibu kila tukio ni dakika zilezile za kabla ya chakula, watoto wote wamepangwa mstari wanasubiri bomba moja, wamechoka, wana njaa, wamebanana. Tukaacha foleni, tukawa tunawaita watatu watatu huku wengine wanaimba wamekaa chini, kung'ata kukapungua ndani ya wiki. Mtoto hakuwa na shida yoyote ya ajabu, shida ilikuwa ratiba yangu, na niliona aibu kweli kwa mama yake.

Sasa ukiwa na kurasa zako mbili tatu za daftari ndo ufungue saiti. Kwa kung'ata na vurugu za aina hiyo kuna taasisi ya Marekani inaitwa Zero to Three, ipo tangu 1977, inashughulika na watoto wa miaka mitatu kushuka chini, makala zao ni fupi na zimeandikwa kwa lugha nyepesi. Utakuta wanasema kile ambacho daftari litakuonyesha, kwamba mtoto wa umri huo anang'ata kwa sababu meno yanaota, au maneno hayajatosha, au kazidiwa na kelele, au kafurahi kupita kiasi mpaka mwili umemshinda. Pale pale inapotokea, nenda kwanza kwa aliyeng'atwa, safisha kwa maji na sabuni, kisha mwambie aliyeng'ata sentensi moja fupi, "kung'ata kunaumiza," na umpe neno au kitendo cha kutumia badala yake. Wazazi wa pande zote mbili waambiwe siku hiyohiyo, jina la aliyeng'ata lisitajwe kwa mzazi wa mwenzake, na kama ngozi imechanika mwambie mzazi ampeleke kwa daktari. Na tafadhali, ule ushauri wa "mng'ate na yeye asikie" ukiusikia popote, hata kwa mkubwa wako kazini, kataa.

Ukitaka kwenda ndani zaidi tafuta nyenzo za Pyramid Model, mfumo wa Marekani wa kulea hisia na tabia za watoto wadogo, zipo bure mtandaoni kwenye kituo chao cha National Center for Pyramid Model Innovations. Wazo lao ni piramidi kweli. Chini kabisa, sehemu pana, ni uhusiano wako na mtoto na mpangilio wa chumba. Juu yake ni kuwafundisha watoto wote kutambua hisia, kusubiri zamu, kuomba. Kileleni pale padogo ndo kuna mpango maalum wa mtoto mmoja mmoja, na ni kwa wachache sana. Walimu wengi tunaanza kileleni. Mtoto kafanya kosa, tunaandaa adhabu, wakati chini hakuna kitu. Wana na zile picha za ratiba ya siku na kadi za hisia, unaprinti unabandika ukutani, ila bandika kwa urefu wa macho ya mtoto, sijui kwa nini sisi tunapenda kubandika vitu juu karibu na dari kana kwamba wanaosoma ni wageni wa ukaguzi.

Tuje kwa huyu asiyeongea, hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna orodha za hatua za ukuaji za CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, programu yao inaitwa Learn the Signs. Act Early., ni bure, ipo na apu ya simu. Mwaka 2022 waliirekebisha, zamani kila hatua ilikuwa inaonyesha wastani, yaani nusu ya watoto tu, sasa wameweka vitu ambavyo watoto asilimia 75 au zaidi wanakuwa wameshaviweza kwenye umri huo, na wakaongeza orodha ya miezi 15 na ya miezi 30. Hiyo ya miezi 30 ndo ya mtoto wako. Inategemea awe na maneno kama 50 hivi, aunganishe maneno mawili au zaidi likiwemo la kitendo, aweze kutaja vitu kwenye kitabu ukimwonyesha kwa kidole. Kwa hiyo kama kweli "haongei" kabisa, hiyo sio ya kusubiri.

Lakini kabla hujamwita mzazi angalia mambo haya. Je, anaelewa? Ukimwambia "lete kiatu" bila kumwonyesha kwa mkono, analeta? Anaonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione, au anakuvuta mkono tu? Anageuka ukimwita jina kwa nyuma bila kukuona? Na nyumbani wanaongea lugha gani, maana mtoto wa lugha mbili maneno yake unayahesabu kwa jumla, la lugha hii na la lugha ile. Yote hayo yaandike kwenye daftari kwa siku kama tano. Halafu kaa na mzazi faragha, mwonyeshe ulichoandika, usitoe jina la ugonjwa, wewe sio daktari na mimi sio daktari, mwambie "nimeona hivi na hivi, naomba mumpeleke apimwe, kuanzia masikio". Masikio kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana mkaidi au mzito kumbe maskini sauti hazimfikii. Makosa mawili makubwa hapa yanafanana kwa madhara, moja ni kumwambia mama "usijali ataongea tu, hata mjomba wake alichelewa", la pili ni kumtamkia "nadhani ana usonji" mlangoni wakati anachukua begi.

Wakati wanasubiri hospitali wewe una kazi ya kufanya kila siku. Kituo cha Harvard kinachoitwa Center on the Developing Child, kilichoanza 2006, kina video fupi za bure kuhusu kitu wanachokiita serve and return, yaani kurushiana mpira. Mtoto anaanzisha, anaangalia kitu, anatoa sauti, anaokota jiwe, huo ni mpira kaurusha, wewe unaurudisha. Hatua zao ni tano: angalia anachokiangalia, mjibu kwa uso na sauti, kitaje jina lake, kisha subiri, na mwisho mpe nafasi ya kumaliza na kuanza kingine. Hiyo ya kusubiri ndo ngumu kuliko zote. Mtu mzima anauliza "hii nini?" na kabla mtoto hajavuta pumzi keshajibu mwenyewe. Hesabu moyoni mpaka tano au hata zaidi, midomo imefungwa. Nakuhakikishia mara ya kwanza utaona ni kama mwaka mzima. Jirekodi sauti dakika kumi ukiwa na watoto, usikilize peke yako, utajua maswali mangapi umeuliza na mangapi ulisubiri. Nilipojirekodi mimi nilitamani kuifuta.

Kwa walezi wa watoto wadogo zaidi kuna kifurushi cha UNICEF na WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, cha 2012, Care for Child Development, kina kadi za michezo na mawasiliano zimepangwa kwa umri, na vitu vya kuchezea ni vya kawaida vya nyumbani, vikombe, vifuniko, kitambaa. Kile nakupa kwa moyo mmoja. Kutoka hukohuko kuna Nurturing Care Framework ya 2018, ya WHO, UNICEF na Benki ya Dunia, inasema mtoto anahitaji mambo matano kwa pamoja: afya, lishe, malezi yenye kumjibu, usalama, na nafasi za kujifunza mapema. Iliandikwa zaidi kwa watunga sera, mlezi akisoma kurasa za mwanzo na ule mchoro inatosha.

Umeniuliza vitu vya kusoma, basi nikupe kimoja ambacho mi nasoma kwa raha tu. Ni mtaala wa awali wa New Zealand, unaitwa Te Whāriki, ulitoka 1996 wakaurekebisha 2017. Jina lenyewe kwa Kimaori maana yake ni mkeka uliosukwa, kwamba kila kituo kinasuka mkeka wake kutoka kwenye nyuzi zilezile, na nyuzi ni ustawi, kujisikia ni wa pale, mchango, mawasiliano na uchunguzi. Hutakuta pale "wiki ya tatu herufi B". Kutokana na huo mtaala wakaja na njia ya kuandika maendeleo ya mtoto kama hadithi fupi badala ya kuweka tiki, unaandika leo fulani alifanya nini, kwa nini ni muhimu, na kesho tumuongezee nini, wazazi wanapenda kuliko ripoti yoyote. Australia nao wana wa kwao wa 2009 uliopitiwa 2022, na Uingereza wana mwongozo unaoitwa Development Matters, yote inapatikana bure. Soma kwa kuiba mawazo, usinakili ratiba ya watu, na ujue kanuni za usajili na mtaala wa nchi yako ndo unaotangulia, hizo nazo zitafute uzisome zenyewe sio kuhadithiwa, maana walimu wengi wanaogopa ukaguzi kwa vitu ambavyo hata havijaandikwa.

Kuhusu chumba. Kuna vipimo vinaitwa ECERS, vilianzishwa 1980 na Thelma Harms na Richard Clifford, vinapima mazingira kwa alama 1 hadi 7, na kuna ndugu yake ITERS wa watoto wachanga mpaka miezi 36. Vitabu vyenyewe vinauzwa, sio bure, na mtu binafsi havihitaji. Ila chukua roho yake: watoto wakishaondoka, piga magoti, au kaa kabisa sakafuni, zunguka chumba ukiwa kwenye urefu wao. Utaona nini wanaona. Nyaya. Sehemu ya chini ya meza. Vitu vya kuchezea ambavyo wanaviona lakini hawavifikii, hapo ndo ugomvi wa kupanda panda unapoanzia. Na angalia kama kuna kona moja tulivu ambapo mtoto aliyezidiwa anaweza kujikalia bila kuonekana kaadhibiwa. Kwa watoto kumi na nne wa miaka miwili mpaka minne, vitu vinavyopendwa viwe viwili viwili au vitatu vitatu, usinunue gari moja zuri ukategemea washirikiane, wa miaka miwili bado hajafika huko.

Usalama nitasema kwa haraka ila usiupitie haraka. Nyenzo ninayoiamini ni Caring for Our Children, viwango vya afya na usalama vya Marekani, toleo la nne 2019, unasoma mtandaoni bure, unatafuta mada moja moja kama kamusi. Mtoto mchanga analazwa chali, kila usingizi, kwenye godoro gumu lisilo na mito wala midoli. Mikono inanawishwa kwa sabuni sekunde 20, na yako kabla ya yake. Kitu chochote kinachoweza kupita kwenye lile boksi la duara la ndani la toilet pepa kisiwepo kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Na huduma ya kwanza, hasa mtoto akipaliwa au akiacha kupumua, hiyo hamna faili wala video itakayokutosha, nenda kozi ya ana kwa ana ukaifanye kwa mikono kwenye mdoli, vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vinafundisha, na mikono inasahau kwa hiyo urudie. Kama una pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, iwe hiyo.

WHO nao walitoa mwongozo 2019 kuhusu kucheza, kukaa na kulala kwa walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne apate angalau dakika 180 za kujisogezasogeza kwa siku, zigawanywe tu siku nzima, kabla ya miaka miwili skrini hawaipendekezi, na kuanzia miwili isizidi saa moja, ikiwa pungufu ni bora. Kwa hiyo ile tivi ya katuni "ili watulie", unajua mwenyewe.

Vitabu vya hadithi sasa, hapa ndo penye utajiri na watu hawajui. African Storybook na StoryWeaver, huyu wa pili ni wa Pratham Books ya India tangu 2015, wana hadithi za picha kwa lugha nyingi sana, Kiswahili kimo, na leseni zao ni huru, unaruhusiwa kudaunlodi, kuprinti, hata kutafsiri ukaweka lugha ya watoto wako. Chagua tatu tu kwa mwezi. Tatu! Soma ileile mpaka wao wakusomee wewe. Usisome kama taarifa ya habari, simama kwenye picha, uliza "unadhani ataenda wapi huyu?", wakijibu ovyo mfuate hukohuko kwenye jibu lake. Yule mtoto wako asiyeongea mkae karibu ubavuni na umpe kazi ya kufungua kurasa, asitakiwe kusema chochote, maneno akiyapata atayatoa.

Kuhusu kozi za mtandaoni, OpenLearn ya Open University ya Uingereza ina kozi za bure za malezi ya watoto wadogo na unapata cheti cha ushiriki. Ni kizuri kwa kujifunza, ila hakihesabiki kama sifa ya kitaaluma, mtu asikudanganye ukaenda kuombea kazi.

Na haya magrupu. Faili likija angalia nani kaliandika na mwaka gani, kama havipo, futa bila huruma. Likisema mtoto wa miaka miwili aandike herufi kwa kufuatisha nukta, futa. Likisema huyu ni wa ubongo wa kushoto na yule wa kulia, au tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo, futa, hizo ni hadithi za vijiweni zimevaa suti. Likiwa na picha za watoto wa watu wanaonekana sura, futa na umuulize aliyetuma kama wazazi wanajua. Chama cha NAEYC cha Marekani, kilichoanza 1926, kina kanuni za maadili za walimu wa awali, na kanuni ya kwanza kabisa inayozishinda zote ni kwamba kabla ya yote tusimdhuru mtoto, na kwenye kumdhuru wameingiza hata kumdhalilisha na kumuumiza kihisia. Ni kurasa chache, zisome pamoja na mwenzako wa chumbani siku mkiwa hamjagombana.

Ah, na huyo mwenzako, nilitaka kumsahau. Mko wawili chumbani, hiyo ni nyenzo kubwa kuliko nusu ya hivi nilivyotaja. Kubalianeni kila siku dakika kumi na tano mmoja anaongoza, mwingine anakaa pembeni na daftari anaandika tu. Kesho mnabadilishana. Mwanzoni mtaona aibu, atakwambia "mbona ulimkatisha yule alikuwa anataka kusema", itauma, ni sawa.

Kwa wiki hii usidaunlodi kitu. Andika tu, yule anayeng'ata kila tukio, yule mwingine dakika tano kila siku akiwa anacheza na mtu na dakika tano akiwa peke yake. Wiki ijayo fungua Zero to Three kwa ajili ya wa kwanza na orodha ya miezi 30 kwa ajili ya wa pili, na uongee na mzazi wa huyo wa pili, usivuke wiki hiyo. Halafu niandikie tena uniambie anang'ata saa ngapi.